Masahihisho ya tarakimu moja: ni 2,147,483,647, siyo 648

Ndugu Mhariri,

Toleo lako la Jumamosi iliyopita lilibeba barua ya msomaji aliyeonya kwamba kuna "namba ya Freemason" iliyofichwa ndani ya simu na kompyuta zetu, na kwamba mwaka 2038 namba hiyo itazima kila kitu na kumeza fedha za watu. Namba yenyewe mliichapa hivi: 2,147,483,648. Naomba masahihisho. Tarakimu ya mwisho ni 7, siyo 8.

Najua hapo chumba cha habari watacheka. Kwenye bilioni mbili na ushei, moja ni kitu gani? Mimi nimekuwa mhasibu wa vyama vya ushirika wa korosho huku Masasi tangu enzi za leja za jalada gumu, na nimezoea kuambiwa "hiyo moja iache, mzee, tutafute mamilioni". Lakini kwa namba hii, hiyo moja ndiyo habari yenyewe. Namba mliyochapa ninyi inagawanyika kwa 2, jibu lake linagawanyika tena kwa 2, na kuendelea hivyo mara 31 mpaka ubaki na 1. Ndani yake hamna kitu kingine ila mbili tupu. Ongeza moja upate 2,147,483,649: jumlisha tarakimu zake utapata 48, kwa hiyo inagawanyika kwa 3. Sasa rudi nyuma, punguza moja kutoka ile yenu, upate 2,147,483,647. Hiyo haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Ni namba tasa, tena si tasa ya mitaani. Namba tatu zimekaa mlango kwa mlango na hakuna tabia moja zinazoshirikiana.

Sitamcheka mwandishi wa barua ile. Watu wameibiwa sana kwa kompyuta, na mtu aliyeibiwa ana haki ya kumwogopa hata asiyemjua. Mimi mwenyewe namba hii nilikutana nayo mahali ambapo ilikaribia kumpeleka mtu mahabusu.

Chama kimoja nilichokuwa nakisaidia hesabu, ambacho jina lake nitabaki nalo, kilinunua mfumo wa kompyuta kutoka kwa muuzaji ambaye jina lake pia nitabaki nalo. Msimu ulikuwa mzuri. Kwenye minada ya stakabadhi ghalani tuliuza kilo 1,008,000, yaani magunia 12,600 ya kilo themanini themanini, kwa wastani wa shilingi 2,300 kwa kilo. Zidisheni wenyewe: ni shilingi 2,318,400,000. Siku ya mkutano mkuu katibu akatoa taarifa iliyochapwa na mfumo, na kwenye mstari wa jumla ya mauzo pameandikwa shilingi −1,976,567,296. Alama ya kutoa mbele. Wakulima waliotoka mashambani na vumbi miguuni wanaambiwa kwamba wameuza korosho msimu mzima na wanadaiwa karibu bilioni mbili. Mwenyekiti alitokwa jasho mpaka shati likabadilika rangi. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Hela imeliwa, mlete polisi!" Nikasimama na daftari langu la kaunta buku, nikasoma mnada mmoja mmoja, na jumla yangu ikawa ile ile ya bilioni mbili na milioni mia tatu. Lakini daftari la mzee lina nguvu gani mbele ya karatasi iliyotoka kwenye mashine? Wakakubali kuahirisha tu.

Aliyemwokoa mwenyekiti ni binti wa kaka yangu, anayeandika programu Dar es Salaam, ambaye kwa bahati alikuwa amekuja msibani. Alitazama ile karatasi, hata hakukaa.

"Baba mdogo, hela haijaibiwa," akaniambia. "Chukua hiyo namba yenye alama ya kutoa, uiongezee 4,294,967,296."

Nikafanya kwa mkono, mbele yake. Jibu: 2,318,400,000. Hata shilingi moja haikupotea. Nikamuuliza hiyo bilioni nne ameitoa wapi. Akasema, "Ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 32. Mfumo wenu umejaa."

Alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza wasomaji wako. Mifumo mingi huipa namba nzima nafasi 32, na kila nafasi inaweza kushika 0 au 1 tu. Nafasi moja hutumika kuonyesha kama namba ni ya kujumlisha au ya kutoa. Zinabaki 31. Nafasi moja inakupa namba mbili, nafasi mbili zinakupa nne, tatu zinakupa nane, na kila unapoongeza nafasi hesabu inakuwa maradufu. Kwa nafasi 31 unapata namba tofauti zipatazo 2,147,483,648. Hapo ndipo ile namba yenu ilipotokea, na hapo ndipo ilipokosewa: katika hizo, ya kwanza kabisa ni sifuri. Ukianza kuhesabu kwenye sifuri, ya mwisho ni 2,147,483,647. Ukimwongezea mtu aliyefika hapo shilingi moja, mashine haina pa kuiweka. Ni kama mita ya kilomita kwenye Land Rover ya zamani iliyofika 99,999. Kilomita inayofuata inaonyesha sifuri tupu, na mnunuzi anaambiwa gari ni jipya. Tofauti ni kwamba kompyuta hairudi kwenye sifuri. Inaangukia chini kabisa upande wa kutoa, kwenye −2,147,483,648, na kutoka huko inaanza kupanda.

Hapa nataka niseme jambo ambalo nadhani wahasibu wa nchi zetu tungelisema kwa sauti zaidi. Aliyeona kwamba bilioni mbili zinamtosha kila mtu alikuwa anahesabu dola. Dola bilioni mbili ni fedha za kampuni kubwa. Shilingi bilioni mbili ni korosho za chama cha wilaya, tena kwa msimu mmoja. Na kuna mifumo inayohifadhi fedha kwa senti ili kukwepa nukta. Huo ukomo wake unakuwa shilingi 21,474,836 na senti 47. Milioni ishirini na moja na laki nne! Kwa hela hiyo unanunua gari dogo la mtumba. Senti zenyewe hatujazishika mkononi miaka mingi, ila zinakula nafasi mbili za tarakimu.

Wala si sisi peke yetu. Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba video ya msanii mmoja wa Korea Kusini imetazamwa kupita 2,147,483,647, na kaunta yao ikabidi ipanuliwe ifike 9,223,372,036,854,775,807. Wao hawakuhitaji kumwita polisi.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda, na naomba mhariri usiikate. Msomaji wenu aliandika kwamba namba hii ni ya ajabu kwa sababu "haigawanyiki", na ndiyo maana ina nguvu ya kuzima mashine. Kwamba haigawanyiki ni kweli, ingawa ile aliyoiandika yeye inagawanyika hata na mtoto wa darasa la pili. Lakini nani alijuaje? Huwezi kuitazama namba ya tarakimu kumi ukajua ni tasa.

Bologna, Italia, mwaka 1603, mwanahisabati Pietro Cataldi alichapisha kwamba ukichukua 2, ukaizidisha yenyewe mara 23, au 29, au 31, au 37, kisha ukapunguza moja, kila mara utapata namba tasa. Alikuwa amethibitisha kwa haki zile za 17 na 19. Hizi nne alizidai tu. Mwaka 1640 Pierre de Fermat akaonyesha kwamba 23 na 37 si kweli: ile ya 23, yaani 8,388,607, ni 47 mara 178,481. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, akatoa orodha yake, na 31 akaiweka ndani. Katika orodha hiyo nako kulikuwa na makosa, ila jina lake ndilo lililobaki. Mpaka leo namba tasa za aina hii zinaitwa za Mersenne. Kisha mwanahisabati Leonhard Euler akaiangusha 29, ambayo namba yake inagawanyika kwa 233. Ikabaki 31 peke yake, imesimama, hakuna aliyeithibitisha wala aliyeikanusha.

Euler ndiye aliyeimaliza, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, Urusi. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi, jicho moja limekufa zamani, la pili limefunikwa na mtoto wa jicho, na nyumba yake ilikuwa imeungua mwaka mmoja kabla. Hakuandika kitabu. Aliandika barua kwa mwanasayansi mwenzake, Bernoulli, akasema humo kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Na mimi nikiandikia gazeti barua juu ya namba hiyo hiyo naona nimefuata desturi.

Njia yake inafuatika kwa kalkuleta ya duka. Kwanza, ukitaka kujua kama namba ni tasa huna haja ya kujaribu kuigawa kwa namba zote zilizo chini yake. Inatosha kufika kwenye kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo huja kwa jozi, na katika kila jozi kimoja ni kidogo. Hapa kipeuo ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo namba tasa ni 4,792. Kuzigawa zote kwa mkono ni kazi ya kumtoa mtu roho, tena mtu asiyeona.

Euler akazipunguza kwa hila moja nzuri sana. Nitaionyesha kwa namba ndogo. Chukua 23. Anza na 1, zidisha kwa 2, na kila ukivuka 23 toa 23: 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, halafu unarudi kwenye 1. Hatua 11. Maana yake 2 ikizidishwa yenyewe mara 11 inabakiza 1 ukigawa kwa 23, kwa hiyo 2,047 inagawanyika kwa 23 bila baki. Kweli, ni 23 mara 89. Sasa Fermat alikuwa amesema kwamba kwa namba tasa yoyote isiyokuwa 2, mzunguko huu lazima uwe umerudi kwenye 1 ukishapiga hatua pungufu moja ya namba yenyewe: kwa 23, hatua 22. Ndiyo maana urefu wa mzunguko, 11, unaingia ndani ya 22 bila baki. Hamisha hilo kwenye 31. Kama kuna namba tasa inayoigawa namba yetu, mzunguko wake una hatua 31, na 31 ni tasa kwa hiyo haiwezi kukatwa vipande vifupi zaidi. Basi namba hiyo ukiitoa moja lazima igawanyike kwa 31. Na kwa kuwa yenyewe ni witiri, ukiitoa moja inagawanyika kwa 62. Kuna sharti la pili: ukiigawa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti hayo mawili, zinazoruhusiwa ni zile tu ambazo ukizigawa kwa 248 zinabakiza 1 au 63.

Tazama jinsi uwanja unavyofagiliwa. 3 imetoka, 5 imetoka, 7, 11, 13, zote zimetoka bila hata kujaribiwa. Ya kwanza tasa inayoruhusiwa ni 311. Nikaigawa: 311 inaingia mara 6,905,092, baki 35. Haikuigawa. Inayofuata ni 1,303, inaingia mara 1,648,107, baki 226. Nayo haikuigawa. Kati ya namba tasa zaidi ya mia mbili zilizoko mpaka hapo, mbili tu ndizo zilizostahili kuguswa! Kuanzia mwanzo hadi 46,340, ukiiacha 1 yenyewe, wanaofaulu masharti ni 373, na wengi wao si tasa, unawaacha kwa kuwatazama tu. Usiku umeme ukikatika huku Masasi mimi huwa naendelea nazo kwa taa ya simu. Mke wangu anasema ni afadhali kuliko bao, maana hakuna anayekuja kugombana.

Baada ya Euler namba hii ilikaa kileleni, namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani, kwa zaidi ya miaka 80. Na ilizaa nyingine. Wagiriki wa kale walipenda namba ambazo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudisha namba ile ile: 6 ni 1 na 2 na 3, 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Huitwa namba kamilifu. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya aina hii inatengeneza moja: 3 mara 2 ni 6, 7 mara 4 ni 28, 31 mara 16 ni 496. Yetu ukiizidisha kwa 1,073,741,824 unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya tarakimu 19. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo itakayobaki kubwa kuliko zote milele, kwa kuwa mambo haya ni ya udadisi yasiyo na faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Nampenda Barlow kwa ujasiri wake. Mwaka 1883 padre wa kijijini huko Urusi, Ivan Pervushin, alithibitisha kwamba 2 ikizidishwa yenyewe mara 61, pungufu moja, ni tasa, na namba kamilifu inayotokana nayo ni kubwa kuliko ile ya Barlow. Na Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya aina hiyo hiyo yenye tarakimu 41,024,320. Gazeti lako lote la mwezi mzima lisingeitosha, hata mkiondoa matangazo ya vifo.

Sasa ndugu aliyeandika barua ile ameyaona mambo mawili ya kweli, kwamba namba ni tasa na kwamba mashine hukwama hapo, akayafunga kamba moja. Hayana undugu. Mashine inakwama kwa sababu nafasi zimejaa, basi. Mifumo ya nafasi 16 inakwama kwenye 32,767, na hiyo si tasa hata kidogo, ni 7 mara 31 mara 151. Krismasi ya mwaka 2004 shirika la ndege la Comair huko Marekani lilisimamisha safari zake zote kwa sababu mfumo wa kupangia wafanyakazi zamu ulifika hapo na kushindwa kusogea. Ile kubwa ya YouTube, inayoanza na kwintilioni tisa, inagawanyika kwa 7, tena mara mbili, na kwa 73, na kwa 127. Kwamba kwa nafasi 31 tumeangukia namba tasa ni sadfa tu. 31 imo kwenye kundi dogo la bahati pamoja na 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19.

Ninajua mahali pamoja tu ambapo sifa zote mbili zinafanya kazi pamoja, na ni pazuri. Kompyuta ikitakiwa kutoa namba zinazoonekana kama za kubahatisha, kwa mfano kuiga foleni ya magari au kuenea kwa ugonjwa, njia moja ya zamani ni hii: chukua namba, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, chukua baki. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kuendelea. Inapita kwenye namba zote 2,147,483,646, kila moja mara moja, ndipo inarudi kwenye 1. Haiwezekani hivyo bila kigawanyo kuwa tasa. Sasa weka ile ya kwenu, inayoishia na 8. Ukianza na 1, majibu yote yatakuwa witiri mpaka Kiyama, maana witiri mara witiri ni witiri, na kutoa namba shufwa hakubadilishi kitu. Msidhani natania: miaka ya 1960 kampuni ya kompyuta ya IBM ilisambaza njia iliyoitwa RANDU iliyogawa kwa 2,147,483,648 hasa, na watafiti wakaitumia kwa imani. Ilipokuja kuchunguzwa, namba zake zikichukuliwa tatu tatu na kuchorwa kama nukta angani, zote zililala kwenye tabaka 15 tu. Huo ndio ubahatishaji wa namba mliyochapa.

Imebaki 2038. Hapa msomaji wenu ana hoja, na nisingependa wenye mifumo wamcheke wakadhani wamemjibu. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu usiku wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Jumanne, 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Chombo kinachohifadhi sekunde hizo kwenye nafasi 32 kikiongeza moja kitaruka nyuma hadi Ijumaa, 13 Desemba 1901, saa tano na dakika 45 usiku. Desemba hiyo ndiyo reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, na huku kwetu alikuwa anatawala Mjerumani. Simu mpya zina nafasi 64 na hazina shida hiyo. Mfumo wa Linux, unaoendesha kompyuta nyingi, ulizibwa pengo hilo mwaka 2020, toleo 5.6, hata kwa mashine za nafasi 32. Wasiwasi wangu uko kwenye vyombo vya zamani vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, na kwenye programu zilizonunuliwa mara moja na fundi wake kuhama mji.

Tena hakuna haja ya kungoja 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaotolewa leo unavuka tarehe hiyo. Hati ya ardhi ya miaka 33 inaivuka mbali. Mfanyakazi wa miaka arobaini leo anastaafu baada yake. Mfumo unaopiga hesabu za marejesho au pensheni unaikuta namba hii sasa hivi, wakati karani anabonyeza kitufe, na kama hauna pa kuiweka utamwandikia mkopaji kwamba amechelewa kulipa tangu mwaka 1901.

Viongozi wa SACCOS na vyama vya ushirika wanaosoma gazeti hili wanaweza kupima wenyewe bila mtaalamu. Fungueni mwanachama wa majaribio kwenye nakala ya mfumo, siyo kwenye vitabu halisi. Mwekeeni mkopo ambao rejesho lake la mwisho ni 20 Januari 2038, mchape ratiba. Kisha mwekeeni mauzo ya shilingi 2,147,483,647, mchape jumla, mwongezeeni shilingi moja, mchape tena. Msiweke bilioni tatu kwa kukisia. Mfumo mwingine utaikataa kwa sababu nyingine na ninyi mtadhani mko salama. Sisi tulifanya hivyo kwa mfumo uliofuata ule wa kwanza. Fedha zilipita vizuri. Tarehe ilirudi 1901. Muuzaji ameandikiwa barua yenye karatasi zote mbili zimebanwa kwa pini, na malipo yake ya mwisho tumeyazuia mpaka ajibu.

Wako,
Mhasibu mstaafu,
Masasi, Mtwara